Nukta Sitini na Moja

Kwetu mti wenye mzinga wa nyuki hautajwi ulipo. Mrithi huoneshwa kwa miguu, mara moja, basi. Mimi ndiye niliyemshawishi Baba Mkubwa avunje mwiko huo, maana nilikuwa nimeajiriwa ofisi ya ardhi kuchora ramani na kichwa kilikuwa kimenivimba.

"Bila ushahidi wataandika msitu hauna mwenyewe," nilimwambia. "Kampuni ya mbao imeshauomba. Nioneshe miti yote niichore."

"Waje waone wenyewe, mwanangu."

"Hawaji, Baba Mkubwa. Wale wanasoma makaratasi."

Alisonya, lakini akachukua panga. Tulitembea siku tisa, yeye mbele na goti lake bovu. Kila mti aliugonga kwa kiganja, akanitajia aliyetundika mzinga wa kwanza: babu, shangazi, marehemu mama. Mimi nikapima unene wa shina, nikaandika aina ya mti, nikaweka nukta. Zilifika sitini na moja. Nilijiona mkombozi wa ukoo.

Shauri lilisikilizwa na afisa ardhi, chumba cha pili kutoka dawati langu. Aliikunjua ramani, akausifu mwandiko. Kisha akauliza nyumba ziko wapi, uzio uko wapi, shamba liko wapi.

"Sisi tunafuga nyuki," Baba Mkubwa alisema. "Ukifyeka, wanahama."

"Kwa hiyo hapajaendelezwa, mzee wangu."

Ikaandikwa hivyo: ardhi isiyotumika. Kampuni ikapewa kibali, eti maendeleo. Nilitamani kumrushia yule bwana kiti. Sikumrushia; nina mshahara.

Wiki tatu baadaye karani aliniletea mpango wa ukataji niutolee nakala. Nukta sitini na moja, unene, aina, vyote kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimewapimia mbao. Nilitoa nakala nne, kama nilivyoagizwa.

Nilipokwenda nyumbani misumeno ilikuwa imeshamaliza kazi. Baba Mkubwa alikuwa uani, akiegemeza mizinga iliyopasuka ukutani.

"Hawakupotea hata hatua moja," alisema. "Mti hadi mti, utadhani wamezaliwa humo."

"Walifuata ramani yangu. Nisamehe, Baba Mkubwa."

"Kikulacho ki nguoni mwako." Alisema bila hasira, na afadhali angenipiga. Akakohoa kile kikohozi chake kibaya, akafuta mdomo. "Mmoja sikukuonesha."

Mmoja! Nyuki wetu bado wana kwao. Na yeye hana mtoto, mrithi ni mimi peke yangu.

"Uko wapi?"

Alinitazama kwa muda mrefu, macho yakinipima kutoka kichwani hadi kwenye viatu vyangu vya ofisini. Kisha akanisogezea kikombe.

"Kunywa chai, mwanangu," alisema. "Usije ukachelewa kazini."