Neno la Nana Birago, Ukurasa wa 112

Jumanne, kipindi cha pili, wasichana wa kidato cha tatu pale Mampong walifungua riwaya yao ya mtihani ukurasa wa 112, na Nana Birago akatoka humo kitabuni. Alivaa kitambaa cha rangi ya udongo, kama sura ya tisa inavyosema. Aliketi kwenye dawati tupu karibu na dirisha. Nyuma yake alitoka Agyepong, msemaji wake barazani, na fimbo yake yenye kichwa cha dhahabu.

Wasichana walivua viatu, kama inavyopasa mbele ya mama wa kigoda cha enzi, ambaye huulizwa kabla mfalme hajatawazwa. Madam Antwiwaa, aliyemaliza chuo kikuu mwaka huo huo, alisema, "Karibu, Nana. Umetujia na jambo gani?"

Hapo darasa likaguna. Mtu hasemi na Nana moja kwa moja. Husema na msemaji wake.

"Madam naye!" Konadu alinong'ona. "Na shahada yote hiyo!"

Agyepong alikohoa, tayari kusema. Nana akatikisa kichwa. Alimwinamia Dufie, aliyekaa dawati la pili, ambaye muhula huo jina lake lilikuwa limeingia kwenye orodha ya wapiga kelele mara kumi na nne. Alimnong'oneza kwa muda mrefu.

"Huyo hana fimbo," Agyepong alisema.

Dufie alichukua rula ndefu ya ubaoni, akasimama.

"Nana anasema hivi. Wazee walimwuliza kama Ofosuhene akalie kigoda awe mfalme. Yeye akajibu kwamba Ofosuhene amefyeka msitu wa makaburi apande kakao, na kwamba yeye Nana hawezi kumkabidhi watu walio hai. Alieleza mpaka jua likahama ukumbini. Wewe, Agyepong, ukawageukia wazee ukasema, 'Nana amekubali.' Na kitabu kikaandika hivyo."

Darasa zima lilimtazama Agyepong.

"Nilifupisha," alisema. "Wazee walikuwa na njaa."

"Na wewe Ofosuhene alikulisha nini?"

"Hilo Nana hajalisema."

"Hilo ni langu, mzee wangu."

Nana Birago alicheka, jambo ambalo halimo katika riwaya. Kengele ilipolia, yeye na Agyepong walirudi ndani ya kitabu. Dufie alitazama ukurasa wa 112. Ulikuwa bado umeandikwa, "Nana amekubali," kama ulivyosomwa kwa miaka sitini.

Alhamisi ulikuja mtihani. Swali la kwanza lilitaka waeleze kwa nini Nana Birago alimkubali Ofosuhene. Konadu, ambaye aliyasikia yote, aliandika kwamba alikubali kwa ajili ya amani, akapata alama kumi na tisa kati ya ishirini. Dufie alikuwa anazihitaji alama hizo ili abaki katika darasa la fasihi. Aliandika kurasa tatu, kila neno aliloambiwa, bila kufupisha.

Madam Antwiwaa alisoma kurasa zile mara mbili. Mwongozo wa kusahihisha ulitoka wilayani, nao haukuwa na nafasi ya jibu hilo. Aliandika sifuri kwa kalamu nyekundu, na chini yake, kwa mkono uleule, akaandika, "Asante."

Kwao, aliyetendewa wema hurudi kesho yake mapema kushukuru. Ijumaa, jua likichomoza, Nana Birago alisimama mlango wa bweni na kikapu cha mayai. Agyepong alikuwa kando yake. Wasichana waliweka ndoo zao chini, wakavua ndala.

Nana alisema kwa sauti ya chini. Kisha Agyepong akazifikisha shukrani zake kwa Dufie, na kwa mama yake Dufie aliyemfundisha kusema, na kwa bibi yake. Hakuacha neno hata moja. Uji wa bwaloni ulipoa.

"Leo huna njaa, mzee wangu?" Dufie aliuliza.

"Ninayo," Agyepong alisema, na akaendelea.

Walipokwisha kurudi kitabuni, Dufie alikifungua. Humo bado Nana alikuwa amekubali. Juma lililofuata jina la Dufie liliondolewa katika darasa la fasihi, na shule ikaagiza nakala mpya arobaini za riwaya ileile.

Mayai yalikuwa kumi na mawili. Aliyachemsha yote, akamgawia na Konadu.