Jina la Malachy Scully

Nililipa kiingilio kwa hasira. Miaka sitini na mmoja nimeishi kijijini Rathcorry, na ukuta wa kasri lile ndio unaonizibia jua jikoni kila asubuhi, lakini lango lake sikuwahi kulipita. Kwetu ilikuwa mwiko. Babu wa babu yangu, Malachy Scully, ndiye aliyekisugua kioo cha ile darubini kubwa ya kutazamia nyota iliyomo humo, mwaka mzima, mpaka vidole vikapasuka. Sifa zote akazibeba bwana wa kasri.

Sasa binti yangu Sorcha kapata kazi humo ya kutembeza wageni. Mwezi wa tatu huu anawapigia Wajerumani hadithi za darubini, na Malachy hamtaji. Nilipomuuliza nyumbani alisema tu, "Mama, achana nayo." Basi nikaja mwenyewe kumsikia, na nikamburuta Concepta Rigney awe shahidi.

Concepta ni jirani yangu na shoga yangu tangu shule. Wazee wake wa zamani walibomolewa nyumba na bwana wa kasri hilo kwa kukosa kodi, baada ya ile njaa kuu ya viazi kuoza, wakalala mtaroni, watoto wawili wakafa kwa baridi. Siku zote nilimwambia kwamba sisi wawili tumeumizwa na mkono mmoja.

Sorcha alipotuona kwenye kundi, uso ulimbadilika.

"Karibuni, wageni wetu," akasema, macho kayapeleka kando.

Tulipitishwa bustanini kwanza, kwenye miti ya kutoka Uchina na uzio wa majani mrefu kuliko nyumba yangu.

"Pazuri, jamani," Concepta akanong'ona.

"Pazuri nini? Majani tu haya."

Darubini ilikuwa imelala kati ya kuta zake mbili za mawe. Sorcha akaanza: bwana wa kasri aliyeyusha shaba na bati kwa moto wa mboji ya kinamasi iliyokaushwa, akamimina kioo cha madini hayo, akakisugua...

"Alisugua yeye?" nikapaza sauti. "Na suruali zake nyeupe za kibwana?"

Watu wakacheka. Sorcha hakucheka.

"Pamoja na wafanyakazi wake, mgeni wetu."

"Mgeni? Mimi niliyekuzaa leo mgeni? Na hao wafanyakazi walizaliwa bila majina?"

"Twendeni kwenye picha," akasema, akatangulia mbio mbio.

Nilimchukia dakika ile, nasema kweli. Nilimwona kajiuza kwa sare ya kijani na kibandiko cha jina kifuani.

Picha zilikuwa kwenye zizi la zamani. Alizipiga mke wa yule bwana, mwenyewe, kwa kamera ya zamani ya vioo na dawa. Sorcha alituonyesha kuta tatu, na ya nne akaipita kama inaungua.

"Mbona unatukimbiza?" nikasema. "Concepta, njoo huku. Kuna kitu wanakificha."

"Mama, nakuomba. Usiende."

Nikaenda. Nikaiona pua yetu kabla sijaona kitu kingine, pua ya baba yangu hasa. Nikamvuta Concepta mkono kwa furaha. "Huyu hapa! Si nilikwambia?"

Kisha nikaona vingine. Alikuwa amesimama mbele ya nyumba ambayo nusu ya paa ilikuwa imeshaanguka, mtaimbo begani. Enzi hizo ilibidi mtu atulie tuli kwa muda mrefu ndipo picha ishike, na yeye alikuwa ametulia vizuri, kidevu juu. Chini yake, kwa mwandiko wa yule mke wa bwana: *Malachy Scully, msugua kioo wetu, akisaidia kwa akina Rigney.*

Nikageuka kumtafuta Sorcha.

"Miezi mitatu nawapitisha watu mbio hapa," Sorcha alisema, na sasa alikuwa analia mbele ya wageni wake. "Kwa ajili yako, Mama. Ningefanyaje?"

Concepta aliutoa mkono wake kwenye wangu. Akavaa miwani, akaisoma picha taratibu, paa, mtaimbo, uso. Nilimwita. Hakunitazama.

"Endelea na kazi yako, mwanangu," akamwambia Sorcha. "Mama yako kaja kusikia jina likitajwa. Mtajie."

Sorcha akafuta uso, akawageukia Wajerumani, akalitaja. Kisha akawaeleza, kwa sauti ya kazi, alichokuwa anakifanya Malachy na mtaimbo wake kwenye nyumba ile.