Nani Anagusa Pampu

...na sponji imetolewa tena, nilijua tangu kwenye ngazi, tulipokuwa tukirudi kanisani na ule mngurumo ukatupokea kabla ya mlango kufunguliwa, nikamwachia Nelima funguo na Biblia nikaja moja kwa moja kupiga magoti mbele ya tangi la samaki, na kweli, pampu imekaa juu ya mbao tupu, safari hii imesukumwa mpaka imegusa ukuta, ukuta wote unanguruma nayo, na pampu ya hewa isiyozidi ngumi yangu haiwezi kutembea, imetembezwa... Jana niliikalisha juu ya kipande nilichokata kwenye godoro kuukuu, mbali na ukuta, ikawa inasikika kama nyuki aliye nyumba ya jirani, na leo hii, nani, si Elsie, samaki ni wake lakini bado yuko Sunday school, si Nelima, mke wangu nilikaa naye benchi moja, aliyebaki nyumbani ni mmoja, mama yake Nelima, alisema magoti yanamsumbua, ataomba akiwa hapa hapa, na chumba anacholala kiko nyuma ya ukuta huu huu... Nelima anasema kitu kutoka jikoni, mafuta yanatatarika simsikii vizuri, ni basi, kama nimelipia basi la Kimilili la kesho asubuhi, nimelipia, nasema, siti ya mbele, naye anasema mama atafurahi, na mimi nawaza, ndiyo, atafurahi, tangu atoke hospitalini hana wimbo mwingine, kurudi, kurudi, kama nyumba hii inamchoma, aliingia kwa daktari peke yake, akamkataza Nelima asiingie, akatoka akasema ni asidi tu, apunguze chai, halafu siku ile ile akaanza kuuliza basi, mtu aliyepona ana haraka gani... Sponji nimeiona, iko juu ya televisheni, imekunjwa mara mbili chini ya kitambaa cha kufumwa, mwizi gani hukunja hivi, ni mkono ule ule unaokunja taulo za Elsie pembe kwa pembe, basi sina haja ya kuuliza, ila sababu, kwa nini mtu atoke kitandani na magoti mabovu aje kutia kelele nyumbani mwa mkwe wake, hata Kuntai, msimamizi wa ploti, hiyo kelele aliisikia akiwa chini kwenye geti, akaniuliza mbele ya wapangaji, "Wanjala, hao samaki wako wanasaga unga ya nani?", wakacheka, nikacheka nao, huku najua nyumbani kuna mtu anayenifanyia makusudi... Siwezi kumuuliza, ndivyo tulivyo yeye na mimi, kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, tunasalimiana yeye akitazama dirisha na mimi nikitazama viatu, ujumbe unapita kwa Elsie, mwambie baba yako, mwambie kukhu, bibi yako, na huko chumbani kwake siwezi hata kuusogelea mlango, kama si hospitali asingelala chini ya paa langu kamwe, na sasa amelala, na kila nikinyamazisha pampu yeye anaipigisha kelele... Simu. Anaongea kwenye simu na dada yake, bila shaka ni hilo, anataka kelele ili nisisikie, na anachosema nisichopaswa kusikia kitanihusu mimi, juzi nilimsikia Nelima akisema labda nimsindikize mama, nikae kidogo, hilo halikutoka kwa Nelima, lilitoka nyuma ya ukuta huu, kaka yake Nelima aliachwa na mkewe hivyo hivyo, ati amsindikize mtu, ati akae kidogo, akakaa mazima, na mimi nitabaki hapa Kitengela na Elsie na samaki, nikiamka gizani kwenda kazini Kajiado, nikirudi kwenye nyumba isiyo na mtu... Basi nitamtega. Nimeiacha pampu ukutani kama alivyoiweka, ingurume, ajue bado yuko salama, nimegonga tangi kidogo, nimekohoa, nimeburuta kiti kama mtu anayetoka, nimengoja... lori limepita barabara ya Namanga, vioo vikalia, likaisha, mafuta jikoni, upepo kwenye mabati ya paa, kisha kwa mkono mmoja nimeinyanyua pampu kutoka ukutani na mbaoni, nikaiweka kwenye kiganja changu, ikanyamaza karibu yote, nyama ya mkono ikaimeza sauti, na nikasikia. Si simu. Si maneno. Ni kama mtu anayesukuma kitanda kizito kwa pumzi, mmm, mmm, meno yakiwa yamefungwa, halafu ikakatika katikati, ghafla, kama iliyozibwa kwa nguo, kwa sababu naye amesikia kwamba kelele imeondoka... Yeye upande ule, mimi upande huu, pampu inanitekenya kiganja, mapovu yanapanda majini moja moja, sipumui, najua naye hapumui, kisha sauti ikamponyoka tena, ndogo, ya juu, kama ya mtoto, na mama mkwe wangu si mtu wa sauti hiyo, huyu ni mtu aliyezika mume bila kuinua sauti... Asidi, alisema. Apunguze chai. Na uji anaourudisha nusu akisema wa huku una chumvi, maji ya kisima, kweli maji ya hapa yana chumvi, nilimwamini, hata jiwe la mapovu ndani ya tangi hugeuka jeupe nami huliloweka kwenye siki, kila kitu tulikipa sababu, na yeye akatuachia sababu zetu, akatafuta ukuta wenye kelele... kesho anapanda basi, atakaa mbele, atapungia Elsie mkono, halafu huko Kimilili hakuna mtu nyuma ya ukuta, hilo ndilo analolitaka, apate pa kulia bila binti yake kujua, bila Nelima kuacha kazi, na mimi nimemlipia siti. Nikikaa kimya inafanyika hivyo. Nikisema, nitasema nini, kwamba nimemsikia mama yako kitandani, nimeweka sikio, mkwe mtu mzima, hilo halisemeki, Nelima mwenyewe atanishangaa kwanza kabla ya kushangaa ugonjwa, na mama akijua nilisikia ataondoka leo hii kwa miguu... anajikaza tena, anahesabu pumzi, anangoja niirudishe pampu, nalisikia hilo waziwazi, anachoniomba, ni kitu kidogo, nisogeze mkono wangu mpaka ukutani tu, yeye apumzike, sijawahi kumfanyia mama mkwe jambo analotaka kiasi hiki... Jikoni Nelima anaimba, anageuza kitu kwenye karai.

"Nelima."

"Nini?"

"Zima jiko. Kuja hapa kidogo."

"Nakaanga, Baba Elsie. Kuna nini?"

"Pampu. Kuja usikie vile imenyamaza."

Anacheka, nasikia anavyocheka, anasema, "Sasa nitoke kwa jiko nije kusikiliza kitu imenyamaza?", na mimi nasema ndiyo, njoo tu, simama hapa karibu na ukuta, na jiko linazimwa, mafuta yanaacha kutatarika, kandambili zake zinakuja polepole juu ya sakafu, upande ule kitanda kimelia mara moja, na mkono umeanza kufa ganzi lakini siushushi.