Kazi ya Kushangaa

Mume wangu hufanya mazingaombwe, na mimi hushangaa. Ndivyo tulivyogawana kazi. Yeye husimama mbele ndani ya koti jeusi nililomshonea mwenyewe, mimi hujichanganya na watazamaji kama mgeni tu, na hakuna anayejua kwamba yule mama anayeshika kifua na kuita "Mama yangu!" ndiye aliyempigia shati pasi asubuhi. Watu humwita Profesa. Mimi humwita Baba Watoto, maana sijapata kumwona profesa anayetafuta miwani ilhali kaivaa.

Usidhani kushangaa ni kazi nyepesi. Kamba iliyokatwa ikiungana, watu huguna tu, "mmh," kama waliopewa chai isiyo na sukari, na ukizidisha hapo utaonekana mwehu. Karata ikipatikana ndani ya kiatu cha mtu, mikono hupanda midomoni. Mambo yakikolea, watu hushikana: mtu humkamata jirani yake bila kujali anamjua au hamjui. Niliwahi kushikwa paja na mzee mmoja aliyekuja na mkewe, na baadaye akautazama ule mkono wake kana kwamba umetumwa na maadui zake. Juu kabisa kuna kimya. Sisemi kile cha watu waliochoka, hicho huwa na kukohoa ndani yake. Nasema kimya cha ukumbi mzima kusahau kupumua. Hicho nilikuwa sijakisikia hata mara moja, na Profesa alikuwa akikiota usiku na mchana.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata yeye alikuwa halijui. Mkono wake wa kushoto ni mzito. Wa kulia ni mwepesi ajabu, lakini huo mwingine una uvivu wa kuzaliwa nao. Na kiinimacho chake kikubwa ni cha yai: hulionyesha, hulifunika kwa kitambaa, anapepea, yai halipo. Lile yai, naomba radhi kwa wote waliowahi kuamini, huingia katika mfuko niliouficha ndani ya koti, na anayelipeleka huko ni huyo huyo mvivu. Kwa hiyo kabla mkono haujaanza safari, mimi huita "Mama yangu!" Vichwa vyote hugeuka kutazama nimepatwa na nini. Vikirudi mbele, yai limekwisha kulala. Tangu tuanze kazi hii sijawahi kushangaa yai likiwa limepotea. Hushangaa kabla.

Sikumwambia kwa sababu nilidhani ipo siku atajionea. Lakini nyani haoni kundule. Siku moja wakati wa chakula cha mchana, akaweka kijiko chini na kukohoa kidogo, kama mtu anayetaka kuhutubia.

"Mama Watoto, nina neno."

"Lete."

"Unashangaa mapema."

Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Nikaiacha.

"Mapema vipi?"

"Yai halijapotea, wewe umeshapiga ukelele. Watu wote wanakugeukia wewe. Unaninyang'anya macho ya watu!"

"Ahaa. Kwa hiyo nifanyeje, mwenzangu?"

"Jumamosi tuko kiwanda cha biskuti. Mkurugenzi akiridhika, anataka nizunguke matawi yake yote. Sasa siku hiyo wewe ukae kimya. Na huko matawini nitakwenda peke yangu. Usikasirike, lakini hata kiti kitupu kitanifaa zaidi."

Kiti kitupu! Hasira zilinipanda mpaka utosini. Nimeshona nguo za watu tangu usichana wangu na kazi hiyo naiheshimu, lakini furaha yangu ilikuwa kwenye kile kiti, nimekaa na wasionijua, nikiushika ukumbi mzima kwa ukelele mmoja. Ndicho alichokuwa ananipokonya, tena huku akijichotea mchuzi niliopika mimi.

"Haya, Baba Watoto," nikasema kwa upole. "Nitakaa kimya."

Mke akitii upesi hivyo, mume mwenye akili huuliza kulikoni. Wangu aliomba aongezewe wali.

Jumamosi tukakuta meza za kantini ya kiwanda zimesukumwa ukutani na viti vimepangwa. Kila kitu kilinukia sukari, hadi mapazia. Mkurugenzi alikaa pembeni na simu yake. Safu ya mbele yote walikuwa wakaguzi, watu wa makoti meupe ambao kazi yao ni kukaa kando ya mkanda, biskuti zinapita, wao wanaondoa iliyovunjika, iliyoungua, iliyopinda. Kiongozi wao alikuwa mama mwembamba ambaye wenzake walimwita Bi Ufa, kwa kuwa hakuna ufa uliowahi kumpita. Nilipoyaona macho yake nilijua leo ipo kazi.

Kamba ikaungana. Hakuna aliyeguna. Karata ikatoka kiatuni, na mikono yote ikabaki mapajani. Bi Ufa aliinamisha kichwa upande mmoja tu, kama anayesubiri ile iliyopinda ifike kwake. Profesa akaanza kutoka kijasho chembamba. Mimi nilikuwa safu ya pili na pakiti ya biskuti, mtiifu kabisa.

Yai likatolewa. Likafunikwa. Nikatia biskuti nzima kinywani ili mdomo usinisaliti. Mkono wa kushoto ukaondoka, polepole, kama mgonjwa anayekwenda msalani, na macho ya kiwanda kizima yakausindikiza mpaka mlangoni mwa mfuko.

"Halipo!" Profesa akapepea kitambaa.

Kukawa kimya, kile chenye kukohoa.

"Limeingia ndani ya koti," akasema Bi Ufa. "Upande wa kushoto."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema hii imeungua. Watu wakaangua kicheko, na mkurugenzi akainamia simu yake.

Nilikuwa nimejiandaa kufurahi, nakuapia. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kumsimanga njiani. Lakini Profesa aliutazama mkono wake, kisha akainua macho na kuanza kunitafuta miongoni mwa watu, kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Furaha yote ikaniishia. Nampenda mpumbavu yule, nifanye nini? Nikaimeza biskuti kwa nguvu, nikasimama.

"Koti lipi lina mfuko?" nikauliza kwa sauti. "Hilo koti nimelishona mimi, mkewe. Halina mfuko ndani!"

Kicheko kikapungua. Nikaenda mbele na kulifunua koti upande wa kushoto, wazi kabisa. Bitana ilikuwa nyororo. Ule mfuko niliushona na ulimi wa kitambaa wa kuufunika. Ukiushusha, hata mimi huutafuta kwa kidole.

"Dada, usiniamini mimi. Njoo ukague mwenyewe."

Bi Ufa hakuhitaji kubembelezwa. Alikuja, akapapasa bitana, akafuata mishono, akapenyeza vidole hadi ndani ya mkono wa koti. Nilimshika kiuno kidogo asije akajikwaa kwenye mguu wa meza.

"Hamna kitu," akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza.

"Umetazama vizuri?"

"Nimetazama."

"Na mfukoni mwako?"

Akacheka. Akaingiza mkono katika mfuko wa koti lake jeupe, kicheko kikakatika. Akautoa polepole, na kiganjani mwake mlikuwa na yai.

Basi hapo nikakisikia. Hakuna aliyeguna, hakuna aliyeshika mdomo. Bomba la jikoni lilikuwa likidondosha maji na kila tone lilisikika. Mkurugenzi alikuwa ameiangusha simu na hakuiokota. Bi Ufa akaliinua yai kwenye mwanga, akalizungusha, akatafuta ufa, hakuuona. Ndipo viti vikaanguka kwa watu kusimama, na kelele zikatikisa madirisha.

Mimi nilikuwa namtazama Profesa. Mdomo wake ulikuwa wazi na macho yamemtoka pima. Hakuwa anaigiza. Miaka yote hiyo nilimshangaa kwa mkataba, na leo yeye alikuwa ananishangaa bure.

Lilifikaje? Mtu aliyepima viuno vya watu maisha yake yote anajua mahali ambapo mkono hausikiki. Zaidi ya hapo sisemi.

Bi Ufa alinirudishia yai langu, nikarudi nalo nyumbani. Nikaingia jikoni, Profesa akanifuata na kukaa kwenye kigoda.

"Lilifikaje mfukoni kwake?"

Nikawasha jiko.

"Mama Watoto, nakuuliza. Lilifikaje?"

"Si uliniambia nikae kimya?"

Akaugeuza mkono wake wa kushoto, akautazama juu na chini. Nilimwona akifikiri, na jambo likimfikia taratibu, kwa mwendo wa mkono huo huo.

"Kumbe zile kelele zako..." akasema. "Ulikuwa unawageuza vichwa."

Nikamimina mafuta kwenye kikaango.

"Kila siku?"

Nikalipasua yai. Likachachatika.

"Nisamehe, mke wangu," akasema, na sikuwa nimelisikia neno hilo kwa muda mrefu. Kisha akajikohoza. "Mkurugenzi anatutaka matawini. Sisi wawili. Ila sasa, ukisimama mbele wewe, kwenye kiti atakaa nani?"

Nilimtazama tu. Akaelewa. Akajiweka sawa kwenye kigoda, akashika kifua kwa mikono miwili, akalitazama yai ambalo lilikuwa limeshaiva.

"Mama yangu!" akaita.

"Umechelewa," nikamwambia.