Mafuta ya Nazi Yaliganda Ofisini

Usiku wa kuamkia leo niliota kidude cha mvuke cha ofisini kinaniita kwa jina langu la utotoni.

"We Kibibi," kikasema, "vuta pumzi."

Ngoja kwanza niwaeleze kidude chenyewe. Mimi, Sikudhani, napokea simu za watu waliokatiwa maji, na watu hao hawapigi simu kunijulia hali. Juma lililopita nilimwendea mkuu wetu, Bwana Mhando, nikaomba ruhusa ya kwenda Pangani kwenye arobaini ya mama mkubwa, aliyenilea tangu niko mchanga. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba kanuni inamtambua mama, haimtambui mama mkubwa. Kisha, kwa kuwa si mtu mbaya, akaninunulia kidude cha mvuke na vichupa viwili vya mafuta ya kunusa, mchaichai na karafuu. "Nusa, Sikudhani. Msongo wa kazi utapungua." Nikanusa. Hasira ikazidi, ila sasa ilikuwa inanukia.

Basi ndotoni niko mezani, simu zinaita. Kila mteja analalamika maji hayatoki, nami namjibu, "Vuta pumzi, mteja wetu." Anavuta, na maji yanatoka upande wangu, kwenye simu. Sishangai. Nakinga ndoo.

Kichupa cha mchaichai kinafungua kifuniko chake chenyewe, kinakiweka kando kama mtu anayevua kofia.

"Tumeletwa kukutuliza. Uko tayari kutulia?"

"Siko tayari."

"Kazi ipo," kinasema kichupa cha karafuu. "Mimi nimezoea meno. Meno hayanaga ubishi. Haya, kunauma wapi?"

Nagusa kifua. Vichupa vinasogea, vinaninusa mimi. Vinatazamana.

"Huu si msongo wa kazi," karafuu inasema. "Huu ni msiba. Nani kachanganya mambo hapa?"

"Bosi."

"Na hata tungetaka, hatuwezi kukugusa," mchaichai unaongeza. "Soma ubavuni mwetu. Mafuta makali hayaendi mwilini peke yake, yataunguza. Lazima yasindikizwe na mafuta ya nazi."

"Hata msibani haendi mtu peke yake," nasema. "Mfanyakazi akifiwa, ofisi hutoa mtu wa kumsindikiza."

"Wewe umepewa nani?"

Nainamia ndoo yangu. Sikupewa mtu. Hata pole sikupewa, nimepewa mvuke.

"Hodi!"

Inaingia chupa ya mafuta ya nazi, ile ya kwetu Pangani iliyozibwa kwa gunzi la muhindi. Imejifunga kanga. Sauti ni ya mama mkubwa, na moyo wangu unapasuka hapohapo.

"Kibibi, mbona umekonda hivyo? Huku kazini hamli?"

"Mama, kesho ni arobaini yako."

"Najua ni yangu, mwanangu. Nimeambiwa huna msindikizaji, nimekuja kukuchukua. Mtu anasindikiza wageni kwenye arobaini yake mwenyewe, makubwa haya! Twende." Anapiga hatua mbili, anasimama. "Huku mbona baridi?"

Natazama juu. Kiyoyozi kinavuma. Natazama chini, mama mkubwa ameanza kuwa mweupe miguuni. Mafuta ya nazi na baridi, mnajua wenyewe.

"Mwanangu, naganda."

Nambeba, nakimbia naye. Nafungua mlango wa Bwana Mhando, na ndani ni jikoni kwetu Pangani, moshi na masufuria vilevile. Bwana Mhando amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi na tai yake shingoni.

"Bosi, zima kiyoyozi."

"Rimoti iko makao makuu."

"Mama mkubwa anaganda! Akiganda hatembei, na mimi siendi!"

"Pole sana. Lakini kanuni haimtambui."

"Mwambie mwenyewe, basi."

Nampandisha hadi usawa wa uso wake. Weupe umefika mabegani. Bwana Mhando anainuka haraka, anajifuta machicha mikononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Sauti yake imeshakuwa nzito. "Hebu niambie. Ulipokuwa mdogo, nani alikupaka mafuta kichwani kabla ya kwenda shule?"

Nazi nusu inamtoka Bwana Mhando mkononi, inabingirika, inarudi yenyewe kumsikiliza.

"Mama mdogo," anasema. "Mama yangu sikumwahi."

"Ukimwitaje?"

"Mama."

"Haya," anasema mama mkubwa, na weupe unamfika mdomoni. Hasemi tena.

Napiga kelele. Bwana Mhando hapigi kelele, anavua tai. Anamviringishia mama mkubwa, anambana kwapani kama mtoto aliyewekwa kipimajoto, anazunguka naye jikoni taratibu akimbembeleza. "Samahani, mama. Samahani, mama." Tunasubiri. Vichupa viwili vimesimama mlangoni, vimeinamisha vifuniko.

Tone la kwanza linadondoka kwenye tai. Kisha la pili.

"Kijana una joto zuri," inasema sauti kutoka kwapani. "Msindikize mwanangu. Mimi natangulia, nikaangalie wali usiungue."

"Vuta pumzi, Kibibi," kidude kikaniita tena kutoka mbali. Nikavuta. Tangu tulipomzika, pumzi yangu ilikuwa haishuki. Safari hii ilishuka.

Nikaamka kumekucha, mto umelowa, machozi tu, msinifikirie vibaya. Simu ilikuwa na ujumbe wa Bwana Mhando.

"Sikudhani, pole kwa kufiwa na mama. Nilipaswa kusema mapema. Jiandae, nakupitia asubuhi hii twende Pangani, nitakusindikiza mwenyewe. Na nikuulize kitu, usinicheke. Nyumbani kwangu hatutumii mafuta ya nazi kabisa, lakini tai yangu nimeikuta imelowa mafuta hayo. Nivae nyingine?"

Nilikaa na simu mkononi hadi macho yakakauka. Kisha nikamjibu.

"Hapana, bosi. Vaa hiyohiyo."