Nipime Mimi Kwanza

Siku ya kurekodi, mwalimu wa kwaya alimvuta Tarumbeta kando, akamwambia kwa upole wa kuchoma, “Dada, leo chezesha midomo tu. Sauti yako inatuharibia rekodi.”

Jina la Tarumbeta walimpa wanakwaya wenyewe, kwa jinsi sauti yake inavyovuma kuliko za wote. Rekodi iliyopita walimsogeza hadi mlangoni, na ilipotoka aliisikiliza, akairudia, asiisikie sauti yake hata chembe. Tangu mumewe afariki, kuimba ndiko kulikomtoa kitandani asubuhi. Leo wamnyang'anye na hilo?

“Mwalimu, midomo nimepewa na sauti nimepewa. Siachi kimoja nyumbani.”

“Ameanza!” akacheka mwanakwaya wa safu yake.

“Bado, shoga. Nikianza utajua.”

Mezani, fundi simu alikuwa anahangaika. Alichomeka waya wa maikrofoni kwenye simu, akaigonga maikrofoni kwa ukucha. Mstari wa kijani wa kuonyesha sauti kwenye kioo ukalala tu. Akagonga simu yenyewe, mstari ukaruka.

“Inasikiliza kwa sikio lake, maikrofoni haijaiona,” alisema. Akavua kava la simu lililokuwa linazuia waya usizame, akachomeka tena mpaka ta! Maikrofoni ikaitika. “Haya, imbeni nipime.”

Wakaimba kinyonge, kama watu wanaobembeleza mtoto alale. Fundi akapandisha kipimo cha kunasa sauti. Tarumbeta akaliona: wakipima kwa minong'ono, yeye akifungua kinywa tu mstari utagonga nyekundu, rekodi ikwaruze, na lawama ni zake kama kawaida.

Akatoka safu ya nyuma, akasimama mbele ya maikrofoni. “Fundi, nipime mimi kwanza.”

“Dada, rudi!” mwalimu akafoka.

“Sirudi. Mungu namwimbia kwa sauti aliyonipa. Kipunguzwe hicho kidude, si mimi.”

Akaimba kiitikio chote, kifua wazi. Mstari ukapanda hadi nyekundu. Fundi akashusha kipimo, akashusha tena, mpaka mstari ukatulia kwenye kijani.

“Hapo sigusi tena,” akasema.

Kwaya nzima ikaimba, kisha wakasikiliza. Tarumbeta alikuwemo, safi, bila mkwaruzo. Wengine walisikika kama wako chumba cha pili.

“Umeona? Sisi hatusikiki!” mwalimu akalalamika.

Tarumbeta akakaza kilemba chake. Hakusogea hata unyayo.

“Basi imbeni.”