Chokaa ya Mpimaji

Jumatatu asubuhi Mama Birika alikaa barazani kwake, birika la umeme limebanwa katikati ya mapaja, akikwangua ukoko kwa bisibisi bapa. Maji ya bomba ya mtaa ule yalikuwa na chokaa nyingi. Koili za hita zilivaa koti jeupe zikaungua, pasi za mvuke zilitema unga kwenye mashati, na mashine za kufulia zilikufa kabla wenyewe hawajazizoea. Ukoko ulipobanduka, chini yake alikuta sikio la chokaa. Lilikuwa sikio la kulia la marehemu mume wake. Alilijua kwa mkato mdogo uliokuwa juu ya ndewe. Akalisuuza, akaliweka kwenye kisahani, akafunga kifuniko cha birika na kulirudisha kwa mwenyewe.

Mume wake alikuwa mpimaji kwenye ofisi ya maji ya mji. Kwa miaka kumi na tisa alichota maji kwenye chupa kila asubuhi, akatia dawa, akaandika ugumu wake, yaani wingi wa chokaa iliyomo. Mtambo wa kulainisha maji ulipoharibika, Meneja hakuutengeneza. Alimwambia tu aandike kwamba maji ni laini. Mpimaji akaandika alichokiona. Ndipo akapewa barua ya kumfukuza, yenye sahihi ya Meneja, ikimwita mzushi anayetia watu hofu, na nakala yake ikabandikwa getini. Alimalizia siku zake barazani, akitengeneza mabirika yaliyouawa na maji yale yale, huku wapita njia wakimtania, "Mzushi, leo maji yamekuwa jiwe?" Akafa na jina hilo. Mkewe alirithi bisibisi na hasira. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: barua ile ifutwe.

Jumanne pasi ya mwalimu ilileta vidole viwili. Hita ya kinyozi ikatoa goti. Mashine ya kufulia ya nyumba ya wageni ikatoa kifua kizima, pamoja na vifungo vya shati. Mama Birika alivipanga mkekani, akawaomba wateja jambo moja, kwamba wasitie siki, kwa sababu siki huyeyusha chokaa. Wateja walielewa. Wengine walileta mabirika yao yamezungushiwa taulo, ili kilichomo kisivunjike njiani.

Aliyekosea ni jirani mshonaji, naye alikosea kwa wema. Alikuwa ameona vidole vya mwenzake vilivyochubuka, akachemsha siki kwenye birika lake mpaka likang'aa, ndipo akalileta.

"Dada, hili nimekupunguzia kazi."

Mama Birika akachungulia ndani, akaona chuma kitupu. Mkekani palikuwa pamebaki nafasi ya ulimi tu.

"Ahsante, mdogo wangu," akasema, akamsogezea kiti.

Kwa hiyo Mpimaji alipoinuka Alhamisi, saa nne asubuhi, mweupe pe na mzito, hakuwa na namna ya kusema neno. Mkewe alimvalisha koti lake la kazi, akampangusa vumbi mabegani, wakaenda ofisi ya maji kwa miguu, polepole, kwa kuwa magoti yalikuwa yakisagika. Karani wa mapokezi alimwamkia mzee wake wa zamani kazini, akambebea kiti mpaka chumbani kwa Meneja.

Meneja hakuinuka.

"Shemeji, faili la huyu tulishalifunga."

"Lifungue. Ufute lile neno."

"Nikilifuta nitakuwa nimesema maji ni magumu."

"Kwani si magumu?"

Meneja akamtazama Mpimaji, kisha akatazama saa yake. "Kwenye ripoti ni laini," akasema, akanyoosha mkono kuwaaga.

Mpimaji akaupokea mkono huo, asiuachie.

Chokaa ilihama taratibu. Mkono wa Meneja uliingia weupe hadi kiwikoni, ukafika begani, na Mpimaji akapungua kwa kiasi kile kile. Meneja aliomba msaada, baadaye akaomba maji. Mama Birika alikuwa ameketi, mkoba mapajani, akimwangalia. Ile barua aliijua kwa moyo. Akamsomea yote, kwa sauti ya upole, mara tatu, mpaka masikio ya Meneja yalipoziba.

Ofisi ilipokaribia kufungwa, Meneja alikuwa ameganda kitini, mweupe pe, na kwenye kiti cha Mpimaji lilibaki koti na unga kidogo. Karani aliukusanya unga kwenye karatasi safi, akaikunja vizuri, akamkabidhi mjane kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata Mama Birika alirudi kuomba barua ifutwe. Naibu wa Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Akamweleza kwamba kwa kanuni za ofisi, aliyetia sahihi ndiye anayetengua, na Meneja hajafa wala hajastaafu. Daktari amepima, moyo unapiga. Kwa sasa wanatumia muhuri wake. Ripoti ya mwezi imeshatoka, na maji ni laini.

"Basi nitamngoja," Mama Birika akasema.

Akaomba glasi ya maji ya bomba. Karani akamletea, imejaa. Mama Birika akasimama nyuma ya kiti cha Meneja, akammiminia kichwani kidogo kidogo, kama anayemnywesha mgonjwa, kisha akakaa kungoja yamkaukie na kumwachia chokaa yake.

Sasa huenda kila Alhamisi. Karani huwa ameshamwekea jagi.